Kiti Hakijaribiwi kwa Kidole

Katika nyumba ya fundi makochi, mke alikula amesimama. Sahani mkononi, bega ukutani, anapeleka tonge mdomoni harakaharaka kama abiria anayeogopa kuachwa. Kushoto kwake lilikuwepo kochi la mteja linalosubiri miguu, kulia lingine lililofunikwa nailoni lisichafuke, na mlangoni stuli zimepandana mpaka dirishani.

"Kaa basi," mumewe alimwambia. "Nyumba hii ina viti kuliko watu."

"Nimekaa mchana kutwa."

"Sasa si ndiyo ukae vizuri?"

"Niache, Baba Pacha. Nimezoea."

Hakuna binadamu aliyezoea kula amesimama nyumbani kwake. Fundi hakuliona hilo, alikuwa na njaa. Aliyeliona ni mama yake, bibi yao wale mapacha, mwanamke ambaye macho yake hayakuwahi kuomba ruhusa kwa mtu. Alikuwa akimtazama mkwewe kwa siku kadhaa sasa: anavyoshuka kwenye pikipiki akishikilia tangi, anavyotembea hatua za kwanza kama anakanyaga mayai, anavyolala kifudifudi.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

"Mgongo, mama."

"Mgongo hauko chini hivyo. Makalio yanakuuma."

Fundi alipaliwa. Mapacha walitumbukiza nyuso kwenye vikombe vyao wakicheka kwa pua.

"Mama, watoto wapo!"

"Kwani watoto hawana? Mimi nimekulea wewe nikiuza mkaa, nimekaa juu ya kigogo mpaka kikachukua umbo langu, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza naumwa wapi. Wewe mwenyewe hukuniuliza. Sasa mimi nauliza. Mama Pacha, nasema uongo?"

Mama Pacha aliweka sahani juu ya kochi la mteja, jambo ambalo siku nyingine lingezua ugomvi. "Huongopi, mama. Yanauma. Yanawaka moto. Nikifika nusu ya njia siwezi tena, inabidi nisimamishe nisimame kando ya barabara kama mwehu, malori yananipita yananipigia honi. Nilikwenda kutibiwa, nikaona aibu, nikasema mgongo. Wakanipa dawa ya kuchua. Nimeuchua mgongo usiokuwa na kosa lolote mpaka dawa imeisha."

Hapo ndipo nyumba nzima ilipoelewa jinsi mambo yalivyokaa. Mama Pacha aliendesha pikipiki ya kampuni ya mizigo, njia ya milimani, ndefu kuliko njia zote za kampuni ile. Kila asubuhi alipeleka sanduku la dawa zenye barafu kwenye zahanati ya juu, akarudi jioni na vifurushi. Zamani wanaume wa pale waliikwepa njia hiyo kama ukoma. Posho yake ilipopandishwa wakagundua ghafla kwamba hewa ya milimani ni nzuri kwa afya. Na sasa mwanamke waliyemwachia njia mbovu alikuwa anachelewa, na meneja alishamwonya kwamba akiendelea hivyo atamrudisha stoo kufungasha vifurushi vya wenzake. Alikotoka.

"Wewe una mume fundi wa viti," Fundi alisema, kifua kimeanza kumjaa, "halafu unaumia kimyakimya? Kesho utakaa juu ya wingu."

* * *

Alifanya kazi ile kwa mapenzi, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye yalisemwa mengi. Alichukua sponji bora, ile anayoiweka kwenye makochi ya watu wanaojipenda, akaipanga tabaka juu ya tabaka. Akaivisha ngozi bandia ya rangi ya chai ya maziwa, akazungushia kamba pembeni, na katikati akaweka vifungo vilivyozama kama vitovu. Kiti kilipofungwa kwenye pikipiki, majirani walitoka kukitazama. Kila mmoja alikibonyeza kwa kidole gumba, akaguna kwa raha.

"Fundi, hapa umemaliza."

Mama Pacha naye alikibonyeza. Alipokaa alizama, akacheka kama msichana. Kweli lilikuwa wingu.

Wingu lilidumu mpaka kilima cha kwanza. Sponji ile ilizoea watu wanaokaa, wakainuka, wakaenda zao. Haikuwahi kukutana na mtu asiyeinuka. Ikajikunja, ikajikunja, mpaka mifupa ya Mama Pacha ikakutana na bati la chini kana kwamba hakuna kitu katikati. Kamba za pembeni zikamkata mapaja. Vifungo navyo kila kimoja kikatafuta pa kuchoma. Alijaribu kukaa upande mmoja, halafu mwingine, halafu akasimama juu ya vikanyagio kama mpanda farasi, na bado njia ilikuwa haijafika katikati.

Kwenye kizuizi cha ukaguzi kulikuwa na foleni ya malori. Alipunguza mwendo, akashusha mguu ili asimame. Mguu haukukuta ardhi. Kiti cha Fundi kilikuwa kimemwinua, naye si mrefu, na ncha ya kiatu ilielea hewani wakati pikipiki inaegama, polepole, bila haraka yoyote, mpaka ikalala. Yeye akalala nayo.

"Mama, kitanda kimekushinda?" aliuliza dereva mmoja kutoka dirishani, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Walimsaidia kuinuka, huku wakicheka. Sanduku lilikuwa zima, na barafu ilikuwa bado barafu. Lakini alifika zahanati amechelewa, foleni ya kina mama na watoto wao imejaa mpaka nje ya geti, na alipomkabidhi muuguzi lile sanduku alishindwa kumtazama usoni.

Meneja alikuwa na habari zote kabla Mama Pacha hajarudi. Alimsubiri uwanjani, mbele ya waendeshaji wengine waliokuwa wakiosha pikipiki zao, akazunguka kile kiti mara moja kama mtu anayekagua ng'ombe aliyekonda.

"Hiki nini?"

"Kiti, bosi."

"Pikipiki ya kampuni si sebule. Unataka tukuwekee na televisheni?" Wanaume walicheka, na aliyecheka zaidi ni yule mnene waliyemwita Kifaru, ambaye alikuwa ameshaahidiwa njia ile iwapo ingebaki wazi. "Nisikilize vizuri. Jumatatu kuna chanjo. Unakuja hapa na kiti cha kampuni, unapanda, unafika kwa wakati. Ukisimama hata mara moja kupunga upepo, njia ni ya Kifaru. Kwani kinachokusumbua hasa ni nini?"

Mama Pacha aliangalia wale wanaume, ndoo zao, matambara yao. "Mgongo," alisema.

"Mgongo," meneja alirudia, na alitabasamu kama aliyepata jibu alilolitaka. "Kazi za mgongo zina wenyewe."

* * *

Nyumbani Mama Pacha aliwasha moto bila jiko. Alikiweka kile kiti katikati ya sebule, akakionyesha kwa kidole kama mtu aliyemkamata mwizi.

"Chukua wingu lako."

"Limefanya nini?"

"Limenilaza barabarani mbele ya malori!"

"Watu wanalala kwenye makochi yangu," Fundi alisema, sauti imempanda. "Wanasinzia, wanakoroma. Tangu nianze kazi hii hakuna aliyenirudishia kochi."

"Kochi linakaa sebuleni, Baba Pacha. Haliendi milimani. Sponji yako laini inakubali kila kitu. Nikifika kilima cha kwanza imeshalala, nimebaki mimi na bati."

"Basi tatizo si kiti. Tatizo ni kwamba hujui kukaa."

Bibi aliacha kuchambua mchele. Mama Pacha alivua koti lake la safari, akalitundika, na hakumjibu. Maneno mengine yakijibiwa yanapata heshima yasiyoistahili. Fundi alijua amekosa, lakini mdomo wa kuomba radhi hakuzaliwa nao, kwa hiyo alichukua kisu akaanza kuzifumua nyuzi za kile kiti, moja moja, kichwa chini.

* * *

Asubuhi ya Jumamosi Mama Pacha alikwenda peke yake kwenye duka la vipuri. Viti vilining'inia darini kwa kulabu, vyeusi, vyekundu, vingine na michoro ya moto ubavuni. Juu ya mlango paliandikwa kwa herufi kubwa: VITI VYA SAFARI NDEFU.

"Karibu, dada," muuzaji alisema, akashusha kimoja. "Hiki ndicho wanachokipenda wote. Bonyeza uone."

"Sikai kwa kidole gumba, kaka. Kifunge pale." Alionyesha pikipiki ya maonyesho iliyosimama mlangoni kwa stendi yake.

Muuzaji alicheka, akakifunga. Mama Pacha alipanda, akashika usukani, akaweka miguu kwenye vikanyagio. Muuzaji akangoja. Akahudumia mteja wa plagi, akahudumia mteja wa mnyororo, akarudi.

"Vipi?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado hakijaanza kuuma."

Kilianza. Alishuka, akatikisa kichwa, akaomba kingine. Cha pili kilikuwa kizuri cha kutazama, lakini kiliinamia mbele na kumtelezesha kwenye tangi, mikono ikafanya kazi ya kumrudisha nyuma kila mara. Alikikataa mabega yalipoanza kulalamika. Akatazama juu, akaona kimoja kwenye pembe, kipana nyuma, chembamba mbele, hakina mchoro wala kifungo, kimejaa vumbi.

"Kile, dada, nakionea aibu," muuzaji alisema. "Kimetoka kwenye pikipiki kubwa la zamani. Kigumu kama ubao."

"Kishushe."

Akakaa. Jua likasogea kutoka mlangoni mpaka kwenye kaunta. Watu walianza kusimama. Mmoja aliuliza kama ni tangazo. Mwingine aliuliza kama mama anadai, kagoma. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na mizigo yao waliitua chini ili watazame vizuri.

"Dada, hapa ni dukani," muuzaji alisema, uvumilivu umemwisha. "Nunua au shuka. Kiti cha pikipiki hakijaribiwi siku nzima."

"Umeandika nini hapo juu ya mlango?"

"Viti vya safari ndefu."

"Basi hii ndiyo safari yangu, naifanyia hapa. Kama kinauma, kiniumize mbele yako, si kule juu mahali ambapo hakuna wa kumrudishia."

Habari zilimfikia Fundi akiwa na misumari mdomoni: mkeo amepanda pikipiki isiyokwenda, amejaza watu. Alitema misumari, akaja mbio, na alipopenya umati uso ulimwiva kwa aibu. Nyuma yake alikuwa mama yake, ambaye hakuitwa na mtu, akiwavuta mapacha kwa mikono.

"Shuka twende nyumbani," Fundi alinong'ona. "Watu wanakutazama."

"Watazame. Hawajawahi kuona mtu amekaa?"

"Unanidhalilisha. Mimi ndiye fundi wa viti mtaa huu."

"Na mimi ndiye ninayekaa."

Bibi alivuta debe tupu la oili, akaketi juu yake karibu na gurudumu. "Mwache amalize," alimwambia mwanawe. "Mimi ningepata duka kama hili enzi zangu, nisingeshuka mpaka wafunge."

Fundi alisimama pale, mikono haina pa kwenda. Angeweza kuondoka. Wanaume wengi wangeondoka, na jioni wangekuwa na la kusema. Lakini mikono ya fundi ina ukaidi wake, na macho yake yalikuwa yameshaanza kufanya kazi bila kumwuliza. Aliona kwamba mkewe hajisogezi. Tangu afike, hajahama upande hata mara moja. Alichuchumaa.

"Hapa mbele hakikukati?"

"Hakinikati."

"Na nyuma?"

"Kimenishika. Uzito umesambaa, haujai sehemu moja."

Alisukumiza kiganja kwenye ukingo wa kiti, akaongeza nguvu, kiti kikakataa. "Kigumu hiki."

"Kigumu."

"Na hakiumi?"

"Nimekikalia tangu jua liko mlangoni, Baba Pacha. Hakiumi."

Fundi aliondoa kiganja. Lilimwuma, na lilimwuma hasa kwa kuwa lilikuwa kweli. Tangu ujana wake alikuwa akiwauzia watu ulaini, na mkewe alimwambia jana yake, akamjibu kwamba hajui kukaa. Alisema, kwa sauti ambayo wale wanawake wenye mizigo waliisikia, "Lile neno la jana. Sikupaswa kulisema."

"Ndiyo, hukupaswa."

"Nisamehe."

"Nimesikia. Sasa mwambie huyu kaka apunguze bei, maana kimekaa hapo na vumbi na mwenyewe anakionea aibu."

Bei ilipungua upesi, muuzaji alitaka mlango wake uachwe wazi. Hata hivyo alipata la mwisho. "Hakiingii kwenye pikipiki za kampuni hicho. Matundu hayalingani."

"Hayo niachie mimi," alisema Fundi, akatoa pesa aliyoipanga kwa ngozi ya kochi la mteja.

Jumapili nzima ilikwenda kwenye vyuma na skrubu. Fundi alitoboa upya bati la chini, akapunguza kimo cha kiti, akamwita mkewe apande, akakagua nyayo zake, akamshusha, akapunguza tena. Hakuacha mpaka viatu vyote viwili vilipokanyaga chini sawasawa.

* * *

Jumatatu meneja alikiona kiti kabla hajamwona mwenyewe. Sanduku la chanjo lilikuwa limeshafungwa nyuma, waendeshaji wamesimama na vikombe vya chai. Alikwenda moja kwa moja akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Nilisema kiti cha kampuni."

"Kiti cha kampuni hiki hapa, bosi, kizima." Mama Pacha alikishusha kutoka begani, akakisimamisha ukutani. "Pikipiki ni yenu. Hata hiki kipya nitakitoa kila jioni, bolti ni nne tu. Lakini sipandi kile tena."

"Kwa sababu ya mgongo wako."

Mama Pacha alijua ulikuwa mlango wa kutokea, umeachwa wazi makusudi. Angesema ndiyo, yangekuwa mazungumzo ya mgongo, na ya mgongo yalikuwa yameshapata jibu.

"Mgongo wangu mzima. Nilikudanganya, niliona haya. Makalio yanauma, bosi."

Kikombe cha mtu kiligonga kingine. Kifaru alianza kucheka, akatazama kushoto na kulia akitafuta wenzake, akajikuta peke yake. Mwendeshaji mmoja wa njia ya mpakani alikuwa akikitazama kiti cha kampuni pale ukutani, jinsi mtu anavyomtazama jirani anayemdai. Mwingine alisema, bila kumlenga yeyote, "Mimi nimekunja sweta la mke wangu, nalikalia. Haisaidii."

"Nyamazeni," alisema meneja. "Kifaru, chukua mzigo."

Kifaru hakusogea. "Bosi," alisema akijikuna shingo, "kwani mimi nikienda, nitakalia kipi? Hicho chake au hicho cha ukutani?"

Simu ikalia. Simu ya meneja ilikuwa imekufa spika ya sikioni, akawa anatumia sauti ya nje, na kila aliyempigia alisikika na uwanja mzima. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya milimani.

"Habari za asubuhi. Mzigo umeshatoka? Kina mama wameanza kufika hapa."

"Unakaribia kutoka, sista."

"Mbona hivyo? Kuna nini?"

"Kuna... kuna tatizo dogo."

"Tatizo gani? Niwaambie nini hawa watu?"

Meneja aligeuka akampa kisogo Mama Pacha, lakini upande huo nako walikuwepo waendeshaji, na wote walikuwa wakimtazama mdomo. "La kiufundi," alisema.

"Pikipiki mbovu?"

"Siyo pikipiki."

"Dereva mgonjwa?"

"Siyo mgonjwa hasa..."

"Sasa ni nini, bwana? Sema!"

Alifunika simu kwa kiganja, akamnyooshea Mama Pacha. Jasho lilikuwa limeshamtoka juu ya mdomo. "Ongea naye wewe. Mwelezee mwenyewe."

"Mimi nilishasema, bosi, na hawa wote wamenisikia," Mama Pacha alijibu, mikono ameifunga kifuani. "Wewe ndiye uliyezuia mzigo. Mwambie sababu. Ni neno moja tu."

Meneja alifungua mdomo. Alikuwa mtu mzima, mwenye tai, mwenye watoto chuo, na neno lenyewe alikuwa nalo mwilini kama watu wote. Likapanda, likafika kooni, likakataa kutoka. "Haloo?" ilisema simu. "Haloo? Nawarudisha watoto au siwarudishi?"

Aliingiza mkono mfukoni, akautupa ufunguo.

Mama Pacha aliudaka. Akavaa helmeti, akafunga mkanda chini ya kidevu bila haraka, akapitisha mguu juu ya pikipiki. Akakaa. Alikaa kwa uzito wake wote, mbele ya macho yao wote, akawasha.

"Sista," alipaza sauti kuelekea ile simu, "waambie wasubiri, nakuja!"